Kuingia na Kuingilia: Somo la Istilahi na Mipangilio ya Vidakuzi vya Tovuti

Ikisiri

Makala haya yanajadili kidakuzi cha kuingia, yaani kipande kidogo cha data ambacho tovuti humpa mtumiaji ili imtambue baada ya kuandika nywila yake. Mjadala umegawika katika sehemu mbili zinazotegemeana. Sehemu ya kwanza inachunguza istilahi za Kiswahili zinazohusu dhana hiyo na uundaji wake. Sehemu ya pili inafafanua mipangilio ambayo msimamizi wa tovuti hana budi kuirekebisha ili anayeingia awe ndiye mwenye haki ya kuingia. Mifano inatolewa katika mazingira ya wanafunzi wa Meru na Embu, ambako tarakilishi moja aghalabu hutumiwa na watu wengi kwa siku moja. Makala yanahitimisha kwamba tofauti ya vitenzi ingia na ingilia, ambayo kila mzungumzaji wa Kiswahili anaijua, ndiyo msingi wa suala zima la usalama wa akaunti.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Meru kuelekea Embu hupita Nkubu, Chuka na Runyenjes, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya. Eneo hili lina vyuo vikuu kadhaa. Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2006. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichoko Nchiru, pamoja na Chuo Kikuu cha Chuka vilipata hati mwaka 2013. Nacho Chuo Kikuu cha Embu kikafuata mwaka 2016. Mwanafunzi wa chuo chochote kati ya hivi huishi maisha yake ya kitaaluma kupitia tovuti. Hupata nafasi ya masomo kupitia tovuti ya KUCCPS, huomba mkopo katika tovuti ya HELB, husajili kozi na kusoma matokeo katika tovuti ya chuo, na hutafuta stakabadhi za serikali katika eCitizen, mfumo ulioanzishwa mwaka 2014.

Ingawa simu za mkononi zimeenea, saiba haijafa. Fomu ndefu, uchapishaji na uskani bado humpeleka mwanafunzi mjini. Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kubuni aliyeingia katika saiba mjini Embu, akafungua akaunti yake ya chuo, akachapisha fomu, akalipa, kisha akakimbilia matatu ya Runyenjes. Kabla ya kuondoka alibonyeza alama ya msalaba iliyo pembeni mwa ukurasa, akaamini kwamba amefunga mlango. Mteja aliyemfuata katika kiti kile alifungua tovuti ileile, na badala ya kuulizwa jina na nywila, akakaribishwa kwa jina la mwenzake. Aliona alama zake, ada anayodaiwa na nambari yake ya simu.

Hapana aliyeiba nywila. Hapana aliyevunja chochote. Hata hivyo, mtu aliingia mahali asipostahili. Swali linaloibuka ni hili: tovuti ilimtambua nani, na ilimtambua kwa kitu gani?

2.0 Seva Isiyokumbuka Nyuso

Itifaki ya HTTP, ambayo ndiyo lugha ya mawasiliano baina ya kivinjari na seva, haina kumbukumbu. Kila ombi linalotumwa na kivinjari huifikia seva kama ombi la mgeni. Mtu akiandika nywila katika ukurasa wa kwanza, kisha akabonyeza kiungo cha ukurasa wa pili, seva haijui kwamba aliyebisha mara ya pili ndiye yuleyule wa mara ya kwanza.

Wakulima wa kahawa wa Meru na Embu wanaielewa hali inayofanana na hii. Mkulima apelekapo kahawa mbivu katika kiwanda cha chama cha ushirika, karani hupima kilo, huziandika chini ya nambari ya mwanachama, kisha hutoa risiti. Malipo yanapokuja, kinachotafutwa daftarini ni nambari wala si sura. Karani wa leo anaweza kuwa si yule wa jana, lakini hesabu haipotei kwa sababu nambari imehifadhiwa.

Mwaka 1994, Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni mbinu ya kuipa seva nambari ya namna hiyo. Seva humtumia mtumiaji kipande kifupi cha maandishi. Kivinjari hukihifadhi na kukirudisha katika kila ombi linalofuata. Sanifu ya kwanza ya mbinu hii ilichapishwa mwaka 1997, na ile ijulikanayo kama RFC 6265 ikatolewa mwaka 2011.

Hata hivyo, mfano wa kahawa una mpaka wake. Mkulima anayedai malipo anaweza kutakiwa kuonyesha kitambulisho chenye picha. Kidakuzi hakina picha. Kinafanana zaidi na tiketi ya basi isiyoandikwa jina: aliyeishika ndiye abiria. Hapo ndipo penye chanzo cha masaibu ya mwanafunzi wetu. Nywila ilibaki kichwani mwake, lakini tiketi ilibaki katika tarakilishi ya saiba.

3.0 Istilahi na Mafunzo Yake

3.1 Kuki na Kidakuzi

Dhana hii ina majina mawili katika Kiswahili. La kwanza ni kuki, neno lililotoholewa moja kwa moja na kuingizwa katika ngeli ya I-ZI. La pili ni kidakuzi, wingi vidakuzi, katika ngeli ya KI-VI, ambalo limeenezwa na huduma za Google za Kiswahili. Utohozi una faida ya wepesi, ila neno kuki halimfunzi msikilizaji lolote. Asiyejua Kiingereza hapati dokezo lolote, na anayekijua hufikiria biskuti.

Umbo la kidakuzi linaweza kuchanganuliwa. Kiswahili huunda nomino za mtendaji kutokana na vitenzi vinavyoishia kwa irabu mbili kwa kuingiza sauti z mbele ya kiambishi tamati -i: chukua huzaa mchukuzi, pekua huzaa mpekuzi, okoa huzaa mwokozi. Kwa kanuni hiyohiyo, dakua huzaa mdakuzi, na kiambishi ki- kikitangulia, tunapata kifaa au kitu kidogo kitendacho kitendo hicho. Kitenzi dakua kina maana ya kutoboa siri. Iwe waundaji wa istilahi walikusudia maana hiyo au la, umbo lenyewe lina onyo ndani yake: kitu hiki kidogo kimebeba siri, na kisipolindwa kitaitoboa.

3.2 Kipindi na Kikao

Muda ambao mtumiaji hutambuliwa na tovuti, tangu kuingia hadi kutoka, huitwa kipindi au kikao. Kikao hudokeza watu walioketi pamoja kwa mashauri. Kipindi hudokeza muda wenye mwanzo na mwisho, kama kipindi cha somo kinavyokomeshwa na kengele. Makala haya yanateua kipindi kwa kuwa sifa muhimu ya dhana hii ni ukomo wake. Tovuti isiyopiga kengele haina vipindi.

3.3 Ingia na Ingilia

Baadhi ya waandishi husema kidakuzi cha kuingilia, kwa mantiki kwamba kauli ya kutendea huonyesha kifaa, kama katika kisu cha kukatia. Kisarufi hoja hiyo ina mashiko. Kimatumizi, hata hivyo, ingilia imekwisha kupata maana ya kujitia katika jambo lisilo lako, na hata kudhulumu. Anayeingia hupita mlangoni kwa idhini. Anayeingilia hupita bila idhini. Kwa sababu hiyo, istilahi kidakuzi cha kuingia ni salama zaidi, na kitenzi ingilia kihifadhiwe kwa kosa lenyewe. Kwa hakika, mipangilio yote itakayoelezwa hapa chini ina lengo moja: kuruhusu kuingia na kuzuia kuingilia.

4.0 Mipangilio ya Kidakuzi cha Kuingia

Seva hutoa kidakuzi kwa mstari mmoja wa maagizo. Majina ya maagizo hayo hayatafsiriwi, kwa kuwa kivinjari huyasoma jinsi yalivyo. Mstari uliopangwa vizuri huweza kuwa hivi:

Set-Cookie: __Host-kipindi=a7f3…; Path=/; Secure; HttpOnly; SameSite=Lax

Neno kipindi ni jina alilolichagua msimamizi. Herufi na tarakimu zinazofuata ni thamani, ambayo hapa imekatwa kwa ajili ya nafasi. Thamani hiyo sharti iwe ya nasibu na ndefu, mathani ya biti 128, ili isiweze kubahatishwa. Ni kosa kubwa kuweka humo nambari ya usajili ya mwanafunzi, kwa maana anayeijua nambari ya jirani angeibadilisha na kuwa jirani. Habari za mtumiaji zibaki katika seva. Kidakuzi kibebe ufunguo wa kuzipata tu.

4.1 Secure

Agizo hili humwamuru kivinjari asirudishe kidakuzi isipokuwa kupitia muunganisho uliosimbwa, yaani HTTPS. Umuhimu wake ulidhihirika Oktoba 2010, Eric Butler alipotoa programu iliyoitwa Firesheep. Programu hiyo ilimwezesha mtu aliyeketi katika mtandao wa wazi usiotumia waya kunasa vidakuzi vya wenzake waliokuwa wakitumia tovuti mashuhuri, kisha kuingia katika akaunti zao kwa kubonyeza mara moja. Tovuti nyingi wakati huo zilisimba ukurasa wa nywila pekee, na kurasa zilizofuata zikaachwa wazi. Zililinda ufunguo, zikaitembeza tiketi hadharani. Katika bweni au maktaba ambamo mamia ya wanafunzi hutumia mtandao mmoja, kosa hilo haliwezi kuvumiliwa.

4.2 HttpOnly

Kurasa za tovuti hubeba programu ndogondogo za JavaScript. Mwovu akifaulu kupenyeza programu yake katika ukurasa, kwa mfano kupitia kisanduku cha maoni kisichochujwa, programu hiyo ingeweza kusoma kidakuzi na kukituma kwake. HttpOnly hukificha kidakuzi kisisomwe na programu za ukurasa. Lakini ifahamike kwamba agizo hili halimalizi hatari. Programu iliyokwisha kupenya inaweza bado kutenda mambo ndani ya ukurasa kwa jina la mtumiaji. HttpOnly huzuia tiketi isibebwe nje. Kazi ya kuchuja maandishi ya wageni inabaki palepale.

4.3 SameSite

Kivinjari hurudisha kidakuzi kwa tovuti iliyokitoa hata ombi likichochewa na tovuti nyingine. Mwovu anaweza kutengeneza ukurasa wa kuvutia ambao, ukifunguliwa, unatuma kisirisiri ombi la kubadilisha nambari ya simu katika akaunti ya mwanafunzi. SameSite huweka mpaka. Thamani ya Strict hukizuia kidakuzi katika kila ombi litokalo nje. Lax hukiruhusu pale tu mtumiaji anapobonyeza kiungo cha kawaida na kuhamia katika tovuti yenyewe. None huondoa mpaka, na hutakiwa kuandamana na Secure. Tangu mwaka 2020, kivinjari cha Chrome hukihesabu kidakuzi kisichotaja SameSite kuwa cha Lax.

Kwa tovuti ya chuo, Lax hufaa zaidi. Mwanafunzi akibonyeza kiungo katika barua pepe ya msajili, atakuta bado ametambuliwa; Strict ingemkaribisha kama mgeni hata kama alikuwa amekwisha kuingia.

4.4 Domain na Path

Vyuo huwa na tovuti ndogo nyingi chini ya jina moja: ya maktaba, ya idara, ya majarida, ya wanafunzi. Agizo la Domain likitaja jina kuu la chuo, kidakuzi cha kuingia kitatumwa kwa tovuti zote hizo, ikiwamo ile iliyoachwa bila mlinzi miaka mingi. Agizo hili likiachwa, kidakuzi hurudi kwa tovuti iliyokitoa peke yake. Basi katika suala hili, kutosema ni bora kuliko kusema. Kiambishi __Host- mwanzoni mwa jina hulitilia nguvu sharti hilo: kivinjari hukikataa kidakuzi chenye jina hilo kama hakina Secure, kama Path si mkwaju mmoja, au kama kimetajiwa Domain.

4.5 Muda: Mgogoro wa Saiba na Mlima

Kidakuzi kikipewa Max-Age au Expires, hukaa katika kivinjari hadi muda huo uishe. Kisipopewa, kinatarajiwa kufutika kivinjari kinapofungwa. Hapa ndipo mwanafunzi wetu wa Embu alipokosea: alifunga ukurasa, hakufunga kivinjari. Isitoshe, vivinjari vya siku hizi vinaweza kuwekwa virejeshe kurasa zilizokuwa wazi, na vidakuzi vya muda vikarejea pamoja nazo. Kwa hiyo seva isitegemee kivinjari kupiga kengele. Iwe na saa yake yenyewe.

Je, saa hiyo ipige baada ya muda gani? Lugha ya PHP, inayotumiwa na tovuti nyingi, imepangwa tangu awali kuihesabu data ya kipindi kuwa imechakaa baada ya sekunde 1440, yaani dakika 24, bila shughuli. WordPress hukipa kidakuzi cha kuingia siku mbili, na siku 14 mtumiaji akichagua kukumbukwa. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba hapana jibu moja.

Kwa mtu wa saiba, muda mfupi ni rehema. Kwa mwanafunzi aliyeko kijijini katika safu za Nyambene, anayejaza fomu ndefu ya mkopo kwa simu, huku mtandao ukipotea na kurudi, muda huohuo mfupi ni adhabu. Akitupwa nje akiwa katika ukurasa wa mwisho, ataanza upya na kulipia data mara ya pili. Msimamizi anayefikiria usalama tu huwaumiza wa mlimani. Anayefikiria wepesi tu huwaumiza wa saiba.

Mgogoro huu hutatuliwa kwa hatua nne. Kwanza, kuwe na mipaka miwili: mmoja wa muda bila shughuli, na mwingine wa kipindi kizima, hata kama mtu anaendelea kubonyeza. Pili, fomu ndefu zihifadhiwe katika seva hatua kwa hatua, ili anayetolewa akirudi aendelee alipoachia. Tatu, kisanduku cha "Nikumbuke" kisitiwe alama mapema; anayetumia simu yake atakitia mwenyewe. Nne, jambo zito kama kubadilisha nambari ya simu au akaunti ya benki lidai nywila upya, hata kama kipindi kingali hai.

Wapo wanaopendekeza kukifunga kidakuzi kwa anwani ya mtandao ya mtumiaji. Pendekezo hili linavutia, ila halifai hapa. Anwani ya simu huweza kubadilika abiria akiwa ndani ya matatu kati ya Meru na Embu, naye angetolewa bila kosa. Kwa upande mwingine, tarakilishi zote za saiba moja aghalabu huonekana nje kwa anwani moja, hivyo jirani wa kiti angepita bila kuzuiwa. Mbinu hiyo ingemfukuza mwenye nyumba na kumwachia mlango anayeingilia. Kikulacho ki nguoni mwako.

4.6 Kuingia Upya na Kutoka Kabisa

Mambo mawili ya mwisho hufanyika ndani ya seva. Mtumiaji anapokamilisha kuandika nywila, seva impe thamani mpya ya kidakuzi na kuitupa ya zamani. La sivyo, mwovu aliyeitega thamani fulani katika kivinjari kabla ya mwenyewe kuingia, ataingia naye.

Vilevile, mtumiaji anapobonyeza "Toka", haitoshi kukifuta kidakuzi kwa kukipa Max-Age ya 0. Kipindi chenyewe sharti kifutwe katika seva. Tiketi iliyonakiliwa kabla ya kuchanwa bado ni tiketi, mradi daftari la basi halijafutwa. Inapendeza pia mtumiaji apewe ukurasa unaoorodhesha vipindi vyake vilivyo hai na kitufe cha kuvifunga vyote. Mwanafunzi aliyekumbuka kosa lake akiwa amefika Runyenjes angelisahihisha kwa simu kabla ya kushuka garini.

5.0 Suala la Sheria

Mipangilio hii si hiari ya mafundi peke yao. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, humtaka anayeshikilia data za watu ajenge ulinzi ndani ya mfumo tangu usanifu wake na katika mipangilio yake ya awali. Kifungu cha 43 humtaka kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu agundue uvujaji wenye hatari ya kweli ya kumdhuru mwenye data. Nayo Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 hufanya kosa la jinai kuingia katika mfumo wa tarakilishi bila idhini. Kwa maneno mengine, sheria ya kwanza humwajibisha mjenzi wa mlango, na ya pili humwadhibu anayeingilia.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba kidakuzi cha kuingia ni tiketi isiyo na jina, na kwamba ulinzi wake hutegemea maagizo machache yanayoandikwa katika mstari mmoja pamoja na nidhamu ya seva katika kuhesabu muda. Yameonyesha pia kwamba mipangilio ya awali inayotoka kiwandani haikumfikiria mwanafunzi anayeshiriki tarakilishi na wageni asubuhi, kisha akarudi mlimani jioni kutegemea mtandao hafifu.

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi yao katika jambo hili. Kitufe kilichoandikwa "Toka" kikaeleweka, na onyo lililoandikwa kwa Kiswahili sanifu chepesi karibu na kisanduku cha "Nikumbuke", humlinda mtu ambaye hatawahi kusoma habari za HttpOnly. Istilahi nzuri ni sehemu ya kufuli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kwanza katika usalama wa mtandaoni mara nyingi ni neno ambalo mtumiaji hakulielewa.

Maswali ya Mjadala

1. Kwa kurejelea mchukuzi, mpekuzi na mwokozi, changanua uundaji wa neno kidakuzi, kisha ulilinganishe na kuki kwa kigezo cha uwazi wa maana.
2. Fafanua tofauti ya kisemantiki kati ya ingia na ingilia, na utaje istilahi nyingine mbili za tarakilishi ambamo kauli ya kutendea huzua utata.
3. Tovuti ya chama cha wanafunzi inatumiwa katika saiba na pia kwa simu vijijini. Pendekeza muda wa kipindi unaofaa na uutetee.
4. Andika onyo la sentensi mbili za Kiswahili litakalowekwa karibu na kisanduku cha "Nikumbuke", bila kutumia neno lolote la kitaalamu.